SQM kwenye Intaneti ya Kasi Bila Kuilemea Prosesa ya Ruta: Mwongozo Kamili

Ruta inaweza kupitisha gigabiti moja kwa urahisi, halafu ukiwasha usimamizi mahiri wa foleni, maarufu kama SQM, unaopanga pakiti za data zisirundikane laini inapojaa, kasi ikaanguka hadi theluthi. Wengi huzima SQM hapo hapo na kuhitimisha kwamba haifai. Kumbe tatizo liko kwenye prosesa ya ruta, na linapimika. Ukishajua kiini kimoja (core) cha prosesa yako kinamudu megabiti ngapi, utaweza kuchagua kasi ambayo simu za video, michezo na upakuaji mkubwa vitaishi pamoja bila kukwamishana. Megabiti 600 zilizotulia zina faida kuliko 900 zinazoyumbisha kila mazungumzo mtu anapopakia faili.

Maelezo haya yanafuata OpenWrt, mfumo huria wa kuendeshea ruta, kwa kuwa ndiyo inayoonyesha kila kitu waziwazi. Kanuni ni zile zile kwenye mifumo mingine, na tofauti zake chache zimo karibu na mwisho.

Kwa nini ruta hulemewa

Ruta nyingi za nyumbani hufikia gigabiti kwa sababu prosesa haizigusi pakiti zenyewe. Sehemu maalumu ya chipu huujua muunganisho kutokana na pakiti zake za kwanza, kisha zinazofuata huvuka kutoka WAN (upande wa intaneti) kwenda LAN (upande wa nyumbani) bila kupitia kerneli, moyo wa mfumo wa ruta. SQM haiwezi kufanya kazi kwa njia hiyo ya mkato. Kazi yake ni kuamua pakiti ipi itoke na saa ngapi, na uamuzi huo hufanywa na prosesa kwa kila pakiti.

Piga hesabu. Pakiti ya baiti 1500 huchukua baiti 1538 kwenye waya wa Ethernet, yaani biti 12,304. Kwenye gigabiti moja, pakiti mpya huja kila baada ya mikrosekunde 12.3. Kiini cha GHz 1 kina takriban mizunguko 12,300 ya kuipokea pakiti hiyo, kuipitisha kwenye fayawali, kubadilisha anwani zake kwa NAT, kuipanga kwenye foleni na kuitoa. Hapo bado hujahesabu pakiti ndogo: zile za baiti 64 zinaweza kufika milioni 1.488 kwa sekunde kwenye gigabiti hiyo hiyo. Ndiyo maana mzigo wa prosesa hufuata zaidi idadi ya pakiti kuliko idadi ya megabiti.

Jambo la pili huwashangaza walionunua ruta ya viini vinne. Foleni ya SQM kwa upande mmoja ina kufuli moja, hivyo kwa wakati mmoja hushughulikiwa na kiini kimoja tu. Kupakua kunaweza kukaa kwenye kiini kimoja na kupakia kwenye kingine, lakini viini viwili haviwezi kugawana foleni moja ya kupakua. Unapolinganisha ruta, angalia nguvu ya kiini kimoja kwanza, idadi ya viini baadaye. Na kuna chipu zinazohadaa macho: MT7621 huonyesha prosesa nne kwenye orodha, ila ina viini viwili tu, kila kimoja kikiwa na nyuzi mbili zinazogombea maunzi yale yale.

Je, unaihitaji kweli?

Swali hili lina uzito zaidi kwenye laini ya kasi kuliko kwenye laini ya polepole. Chukua modemu yenye akiba ya megabaiti moja, yaani nafasi ya kuhifadhi pakiti zinazosubiri kutoka. Ikijaa kwenye kasi ya megabiti 10, pakiti yako husubiri sekunde 0.8. Kwenye megabiti 50, milisekunde 160. Kwenye gigabiti, milisekunde 8 tu. Akiba ileile, balaa tofauti kabisa.

Kwa hiyo mwenye gigabiti kupakua na megabiti 50 kupakia mara nyingi anaumia upande wa kupakia peke yake. Akidhibiti upande huo tu, prosesa inabaki na kazi ndogo na tatizo karibu lote linaisha. Usibebeshe ruta mzigo wa kupakua kabla hujathibitisha kwamba upande huo nao una shida.

Hatua ya 1: Pima laini ikiwa tupu na ikiwa imejaa

Tumia kompyuta iliyounganishwa kwa kebo kwenye mlango wa LAN. Wi-Fi ina foleni zake na itakuharibia vipimo. Usiendeshe jaribio la kasi ndani ya ruta yenyewe pia, kwa sababu jaribio linakula prosesa ile ile unayotaka kuipima.

Fungua dirisha moja na uache pingi (kipimo cha muda wa pakiti kwenda na kurudi) ikiendelea:

```
ping -i 0.2 1.1.1.1
```

Acha nusu dakika bila mzigo, uandike wastani. Kisha jaza laini kwa kupakua tu kwa sekunde 30, pumzika, halafu kupakia tu kwa muda huo huo. Tenganisha pande hizi mbili. Jaribio linalojaza zote kwa pamoja litakuambia kuna shida lakini halitakuonyesha iko wapi. Jaribio la Waveform kwenye kivinjari linatosha kuanzia. Anayetaka picha ya kina atumie programu ya flent na vipimo vyake vya tcp_download na tcp_upload.

Ongezeko lisilozidi milisekunde 5 hadi 10 ni zuri, upande huo uache ulivyo. Likipita 30, mwenye kuzungumza kwa video atalihisi. Rudia kipimo saa ambazo watu wengi wako mtandaoni, na uchukue kasi ya chini inayojirudia, sio ile bora uliyowahi kuiona.

Hatua ya 2: Tayarisha ruta

Ukiwa na OpenWrt 24.10 au ya kabla yake, sakinisha hivi kwenye terminali ya ruta:

```
opkg update
opkg install luci-app-sqm htop
```

Matoleo yaliyohamia kwenye apk hutumia `apk update` kisha `apk add luci-app-sqm htop`.

Sasa zima njia za mkato. Ya maunzi hairuhusiki kamwe pamoja na SQM, kwa kuwa pakiti hazifiki kwenye foleni. Ya programu hutegemea toleo na draiva, kwa hiyo izime nayo hadi kila kitu kifanye kazi.

```
uci set firewall.@defaults[0].flow_offloading='0'
uci set firewall.@defaults[0].flow_offloading_hw='0'
uci commit firewall
service firewall restart
```

Baada ya hapo, sambaza kazi ya kupokea pakiti kwenye viini vingine, ili kiini chenye foleni kisibebe na NAT juu yake:

```
uci set network.globals.packet_steering='1'
uci commit network
reboot
```

Hatua hii ina maana kubwa zaidi kwa wenye PPPoE, laini inayoingia kwa jina na nywila ya mtoa huduma. Kadi nyingi za mtandao haziwezi kuchungulia ndani ya fremu za PPPoE, hivyo hurundika pakiti zote kwenye kiini kimoja. Kerneli inaweza kuchungulia na kuzigawa.

Angalia pia jinsi prosesa inavyopanda na kushuka kasi. Baadhi ya ruta huchelewa kupandisha GHz mzigo unapoingia ghafla, na ucheleweshaji huo unaonekana kwenye pingi kama miiba mifupi. Jaribu:

```
echo performance > /sys/devices/system/cpu/cpufreq/policy0/scaling_governor
```

Faili hilo lisipokuwepo, ruta yako haibadilishi kasi ya prosesa na huna la kufanya hapa. Likiwepo na miiba ikapungua, weka amri hiyo kwenye `/etc/rc.local` kabla ya mstari wa `exit 0`. Mwisho, simamisha kwa muda huduma zinazochungulia kila pakiti, kama vile ugunduzi wa uvamizi na takwimu za matumizi kwa kila kifaa. Utazirudisha moja moja ukiona nafasi ipo.

Hatua ya 3: Weka SQM

Kwanza tafuta jina la kiolesura kinachoelekea nje. Hapa ndipo makosa mengi huzaliwa. Amri `ifstatus wan` itaonyesha `l3_device`, mfano eth1, wan au pppoe-wan. Tumia jina hilo. Ukiiweka SQM kwenye kiolesura cha LAN, kupakua na kupakia hubadilishana nafasi, kisha utahangaika kurekebisha namba zisizo na kosa.

Anza na asilimia 85 ya kasi uliyopima ya kupakua na 90 ya kupakia. Kwa laini iliyopimwa 940 kupakua na 50 kupakia, faili la `/etc/config/sqm` litakuwa hivi, kasi zikiandikwa kwa kilobiti:

```
config queue 'wan'
    option enabled '1'
    option interface 'eth1'
    option download '800000'
    option upload '45000'
    option qdisc 'cake'
    option script 'piece_of_cake.qos'
    option linklayer 'ethernet'
    option overhead '44'
    option linklayer_advanced '1'
    option tcMPU '84'
    option qdisc_advanced '1'
    option qdisc_really_really_advanced '1'
    option iqdisc_opts 'nat dual-dsthost ingress'
    option eqdisc_opts 'nat dual-srchost'
```

Ukitaka kudhibiti kupakia tu, andika `download '0'`. Sifuri hapa maana yake ni kutodhibiti, siyo kufunga. Kisha `service sqm restart`.

Maneno `dual-dsthost` na `dual-srchost` hugawa kasi kwa haki kati ya vifaa kwanza, halafu kati ya miunganisho ya kila kifaa. Bila ugawaji wa aina hiyo, kompyuta iliyofungua miunganisho 50 itaipokonya simu yenye mmoja. Neno `nat` ndilo linaloiwezesha CAKE, foleni tuliyoichagua kwenye `qdisc`, kuona anwani za ndani. Ukilisahau, vifaa vyote vitaonekana kama kimoja.

Baiti 44 za ziada (`overhead`) ni makadirio ya tahadhari yanayofaa laini nyingi za faiba na kebo. Kwa ADSL badili `linklayer` iwe `atm`, kwa sababu data huko husafiri kwenye seli za baiti 53 zenye nafasi ya 48 tu. Ukikadiria chini ya ukweli, majaribio ya kasi yatakudanganya: yanatumia pakiti kubwa ambazo baiti chache za ziada hazizidhuru. Pakiti ndogo za sauti zikija kwa wingi, kasi halisi huizidi laini, foleni inarudi ndani ya modemu na SQM inabaki mtazamaji.

Hapa pia usishtuke na matokeo. Namba unayoiweka inahesabu vichwa vyote vya pakiti, ilhali jaribio la kasi huhesabu data tupu. Ukiweka 800, jaribio litakupa karibu 750, na hiyo ni sahihi: baiti 1448 za data katika kila 1544 zinazohesabiwa.

Hatua ya 4: Ipime prosesa, si kasi tu

Fungua htop ndani ya ruta, bonyeza F2 na uwashe «Detailed CPU time», ili muda wa softirq (kazi ya kerneli ya kushughulikia pakiti) uonekane kwa rangi yake. Jaza laini tena, kupakua kisha kupakia. Usitazame wastani wa prosesa yote. Wastani wa asilimia 30 kwenye viini vinne unaweza kuficha kiini kimoja kilichokwisha kabisa. Tazama kiini kilicholemewa zaidi: kikibaki na asilimia 15 hadi 20 za mapumziko, uko salama. Ukiona `ksoftirqd` ikipanda juu ya orodha na kukaa huko, umegonga mwamba.

Kuna kipimo kingine chenye uhakika zaidi:

```
cat /proc/net/softnet_stat
```

Kila mstari ni kiini kimoja, na namba zake ni za heksadesimali. Safu ya pili huhesabu pakiti zilizotupwa kwa sababu foleni ya kiini ilijaa. Ya tatu huhesabu mara ambazo kerneli ilikatiza kazi kabla haijaimaliza. Soma kabla na baada ya jaribio. Safu ya tatu ikiongezeka kidogo hakuna tatizo. Ya pili ikiongezeka kila unapojaza laini, prosesa imeshindwa, hata kama htop inaonyesha nafuu.

Halafu uliza foleni zenyewe. Kupakia kuko kwenye kiolesura, kupakua kuko kwenye kiolesura bandia ambacho SQM hukitengeneza:

```
tc -s qdisc show dev eth1
tc -s qdisc show dev ifb4eth1
```

`drops` na `marks` (pakiti zilizotupwa na zilizowekewa alama) zinapaswa kuongezeka wakati wa mzigo. Zikibaki sifuri huku laini imejaa, trafiki haipiti kwenye foleni hii, au kasi uliyoweka iko juu ya uwezo wa laini. `av_delay` ikikaa kwenye milisekunde chache, CAKE inafanya kazi yake. Ukiona ucheleweshaji mdogo hapa na mkubwa kwenye pingi, foleni iko mahali pengine: kwenye modemu, kwenye Wi-Fi, au kwa mtoa huduma.

Hatua ya 5: Sogeza namba

Panda kwa asilimia 2 au 3 kila mara, upande mmoja kwa wakati mmoja, na baada ya kila hatua tazama pingi pamoja na kiini kilicholemewa. Zipo kuta mbili na dalili zake hazifanani. Ukigonga ukuta wa laini, kasi inafuata namba uliyoweka huku pingi ikianza kupanda na prosesa bado ina nafasi. Ukigonga ukuta wa prosesa, unaongeza namba lakini kasi haisogei, au inashuka. Rudi hatua mbili kutoka kwenye ukuta wowote utakaokutana nao kwanza.

Tabia hutofautiana pia kati ya foleni. Prosesa inapoishiwa nguvu, CAKE kwa kawaida hushikilia ucheleweshaji mdogo na kuachia kasi. HTB pamoja na fq_codel, mbadala wa CAKE, hushikilia kasi zaidi na kuachia ucheleweshaji. Mtu asiyelijua hili hubadili foleni, akaona megabiti zimeongezeka, akadhani amepata dawa.

Prosesa ikikataa

Fuata mpangilio huu, ukianza na lisilogharimu kitu. Acha kudhibiti kupakua ikiwa hatua ya 1 ilionyesha kupakia ndiko kwenye shida. Kisha badili kwenda `fq_codel` na `simplest.qos`, ambayo ni nyepesi kuliko CAKE lakini haina ugawaji wa haki kati ya vifaa. Kisha punguza kasi hadi kiini kipumue. Kama ulikuwa na `layer_cake.qos`, rudi kwenye `piece_of_cake.qos` yenye daraja moja tu la trafiki. Kwenye laini ya kasi, madaraja mengi mara chache yanalipa gharama yake.

Kwa laini zisizolingana sana kuna chaguo la `ack-filter` kwenye `eqdisc_opts`. Kupakua kwa megabiti 900 kunaleta pakiti 73,000 hivi kwa sekunde, na mpokeaji akituma uthibitisho mmoja kwa kila pakiti mbili, uthibitisho peke yake unakula karibu megabiti 25 za kupakia. Kwa mwenye 50, hiyo ni nusu. Chujio hili huondoa uthibitisho uliopitwa na wakati ndani ya foleni. Pale kupakua kunapokuwa chini ya mara 10 ya kupakia, liache. Linaongeza kazi bila tija.

Kuhamisha Wi-Fi kwenye kifaa tofauti husaidia kuliko watu wanavyodhani, kwa sababu kutuma kwa redio nako kunakula softirq za prosesa hiyo hiyo. VPN ndani ya ruta ni mzigo mwingine mzito. Pima ukiwa umeiwasha ikiwa utaitumia kila siku.

Mambo yanayoharibika mara kwa mara

Umewasha na hakuna kilichobadilika: karibu kila mara ni njia ya mkato iliyobaki wazi au jina la kiolesura lisilo sahihi. Kaunta za `tc` zitakuambia ndani ya dakika moja.

Kwenye kebo kila kitu safi, kwenye Wi-Fi bado pingi inaruka: Wi-Fi imekuwa ndiyo shingo ya chupa. SQM ya WAN iliyowekwa 800 haina la kusema kuhusu redio inayotoa 300. Draiva kama ath9k, ath10k na mt76 zina fq_codel yake upande wa redio, hivyo kituo cha Wi-Fi chenye draiva hizo ndicho tiba.

Mchana sawa, usiku vurugu: kasi ya laini hushuka chini ya namba uliyoweka. Kwa intaneti ya kebo inatosha kushusha kasi hadi ile ya saa za msongamano. Kwa LTE, 5G na setilaiti, ambako kasi hubadilika kila dakika, tumia skripti ya cake-autorate inayopima ucheleweshaji na kusogeza namba yenyewe. Ila nayo inahitaji prosesa, usiiweke kwenye ruta iliyokwisha pumzi.

Mifumo mingine

MikroTik yenye RouterOS 7 ina CAKE na fq_codel ndani yake. Kosa kubwa huko ni kuacha kanuni ya FastTrack, njia ya mkato ya MikroTik, ikifanya kazi, maana miunganisho iliyopita humo hairuki fayawali tu, inaruka na foleni rahisi. OPNsense na pfSense hutumia mabomba ya dummynet, kidhibiti kasi cha mifumo hiyo, yenye ratiba ya FQ-CoDel. Hakikisha kila upande una bomba lake, na kanuni ya fayawali inayopeleka trafiki humo.

Ukilazimika kununua

CAKE iliingia kwenye kerneli ya Linux 4.19 mwaka 2018, kwa hiyo kifaa chochote chenye OpenWrt ya kisasa kitaiendesha. Suala ni kwa kasi gani. Ruta zenye prosesa za MIPS, MT7621 ikiwemo, hazifiki gigabiti kwa SQM, tena ziko mbali nayo. Raspberry Pi 4 huikaribia gigabiti. Kompyuta ndogo ya x86 ya aina ya Intel N100 huimudu ikiwa na nafasi tele. Kwa megabiti 2500 pakiti kubwa inakuja kila mikrosekunde 4.9, na hapo nenda moja kwa moja kwenye x86, au dhibiti kupakia peke yake. Kabla ya kulipia, mtake muuzaji matokeo ya kasi huku SQM ikiwa imewashwa; namba iliyo kwenye boksi imepimwa kwa njia ya mkato ambayo wewe utaizima.